Kwotabeki aliyehamia kutoka chuo kingine: tumpime kwa lipi?

Swali: Naishi Columbus, Ohio, na wanangu ndio walioniingiza kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Kinachonichanganya ni hawa makwotabeki wanaohama, yaani wale warusha pasi wanaoongoza mashambulizi. Chuo kinamleta kijana kutoka kwingine, na kabla mechi nne hazijaisha mtaa mzima umeshatoa hukumu: huyu moto, huyu garasa. Mimi nina runinga na takwimu za bure za mtandaoni, video za makocha sina. Nitazame nini hasa? Na huo "uongozi" unaotajwa kila siku, unapimika au ni maneno tu?

Jibu: Kwa kuwa uko Columbus, tumchukue mtu unayemfahamu, Will Howard. Msimu wake wa mwisho Kansas State, 2023, alirusha pasi 357. Zilizofika zilikuwa 219, akapata yadi 2,643 na tachidauni 24 (mara mpira ulipofikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na pasi 10 zikanaswa na wapinzani. Mwaka uliofuata, akiwa Ohio State, alirusha 423, zikafika 309, yadi 4,010, tachidauni 35, zilizonaswa 10. Sasa chukua kanuni ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo: yadi mara 8.4, ongeza tachidauni mara 330, ongeza pasi zilizofika mara 100, toa zilizonaswa mara 200, kisha gawa kwa pasi zote alizorusha. Utapata 140.1 kwa mwaka wa kwanza na 175.3 kwa wa pili.

Je, mkono wake uliongezeka ubora kiasi hicho katika miezi michache? Haiwezekani. Kilichobadilika zaidi ni watu waliomzunguka. Wadakaji wake sasa walikuwa Jeremiah Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate. Nyuma yake walisimama wakimbiaji wawili, TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, kwa hiyo wapinzani hawakuthubutu kurudisha watu wengi nyuma kuzuia pasi. Aliyepanga mashambulizi alikuwa Chip Kelly. Lakini tazama namba moja iliyogoma kusogea, pasi zilizonaswa: kumi na kumi. Kwa asilimia ya pasi zote ni 2.8 dhidi ya 2.4, yaani nafuu ndogo tu. Wadakaji hodari humwongezea kwotabeki yadi upesi sana, ila tabia yake ya kuamua husafiri naye kama begi la nguo.

Basi kazi yako ni kuchambua kipi ni chake na kipi amekikuta. Takwimu za mtandaoni hazikufanyii hilo. Unahitaji daftari, rimoti ya kurudisha nyuma na saa ya simu.

Kabla ya daftari, neno kuhusu hizo mechi nne. Kwotabeki wa chuo hurusha takriban pasi 30 kwa mechi, kwa hiyo mechi nne ni pasi 120. Mtu ambaye uwezo wake wa kweli ni kufikisha asilimia 65, katika pasi 120 anaweza kupanda au kushuka pointi 4 au zaidi kwa bahati tu, bila kubadilika chochote. Kwa hiyo 61 na 69 katika mwezi wa Septemba anaweza kuwa mtu yuleyule. Tachidauni ndiyo hafifu zaidi: mdakaji akiangushwa kwenye yadi ya 1, mkimbiaji anamalizia na kwotabeki hapewi kitu. Wanasema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa kwotabeki mgeni, asubuhi huwa na ukungu. Joe Burrow alipohamia LSU kutoka Ohio State mwaka 2018 alimaliza msimu na alama 133.2 kwa kanuni ileile ya NCAA. Mwaka 2019, katika timu ileile na baada ya kuja Joe Brady kusimamia mchezo wa pasi, alifikisha 202.0 na tachidauni 60. Aliyemhukumu kwa msimu wa kwanza aliumbuka.

Ratiba nayo inadanganya. Ohio State ya 2024 ilianza na Akron (52–6), Western Michigan (56–0) na Marshall (49–14). Katika mechi za namna hiyo weka alama za awali tu, kisha funga daftari timu ikishaongoza kwa pointi 21 au zaidi. Pasi zinazorushwa baada ya hapo ni za kuua saa au za kuwapa wachezaji wa akiba nafasi ya kucheza.

Daftarini, kila pasi ipe mstari wake. Andika jaribio la ngapi (timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10) na yadi ngapi zinahitajika, mpira ulisafiri yadi ngapi hewani kutoka mstari wa kuanzia, sekunde ngapi zilipita tangu senta, anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira, autoe, kama alikuwa na presha, na matokeo. Pasi za kupigiza mpira chini ili kusimamisha saa, na zile za kutupa nje kwa makusudi, zifute. Zilizobaki zigawe kwa umbali katika makapu manne: nyuma ya mstari, yadi 0 hadi 9, 10 hadi 19, na 20 kwenda juu. Kapu la nyuma ya mstari liweke mbali kabisa. Pasi ya namna hiyo hufika karibu kila mara, na yadi zake ni za mdakaji na wanaomfungulia njia. Kijana mwenye asilimia 72 anaweza kuwa na theluthi ya pasi zake humo. Kapu linalosema kweli ni la yadi 10 hadi 19, hasa katikati ya uwanja, kwa sababu pale mpira unapita juu ya mtu mmoja na mbele ya mwingine, na ukichelewa nusu sekunde unanaswa.

Kisha hesabu majaribio yaliyofaulu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: jaribio la kwanza limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likipata asilimia 70, la tatu na la nne likizipata zote. Pasi ya yadi 6 ikihitajika 11 kwenye jaribio la tatu inapamba asilimia yake, huku timu ikiupiga mpira teke kuwapa wapinzani na kuondoka uwanjani.

Presha ndiyo sehemu wengi wanapokosea, kwa sababu kila anapoangushwa na mpira mkononi wanailaumu safu ya mbele inayomlinda. Washa saa mpira unapotoka kwa senta. Akifikiwa kabla ya sekunde 2.5, mara nyingi kosa ni la safu ya mbele, au ni la mwito wa mbinu: hakuna aliyemwona mpinzani wa ziada aliyetumwa kumvamia. Zikipita sekunde 3 na bado ameukumbatia mpira, kosa ni lake, hata kama aliyemwangusha alimpita beki aliyekuwa akimlinda. Halafu hesabu: katika mara zote alizobanwa, yaani alilazimika kuhama, kurusha mapema au aliguswa, ni ngapi ziliishia kuangushwa? Moja kwa tano ni kawaida. Ikikaribia moja kwa tatu, hiyo ni tabia, na tabia hiyo mara nyingi alikuwa nayo chuo alichotoka. Nenda kaiangalie huko.

Hapo pana mtego wa karatasi pia. Katika vyuo, yadi anazopoteza akiangushwa hukatwa kwenye mbio zake. NFL, ligi ya kulipwa, haifanyi hivyo. Chukua mfano: kijana amekimbia mara 10 kwa yadi 60, na ameangushwa mara 4 kwa hasara ya yadi 30. Takwimu za chuo zitaandika "mbio 14, yadi 30", nawe utadhani hajui kukimbia. Rudisha hasara hiyo kwenye pasi inakostahili: yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila iliyonaswa, toa yadi za kuangushwa, kisha gawa kwa pasi pamoja na mara alizoangushwa. Ningepewa namba moja tu ya kumpimia mtu, ningechukua hiyo na kuiacha alama ya NCAA, ambayo haijui kabisa kwamba kuna kuangushwa.

Runinga ina mpaka wake. Kamera kuu haionyeshi wadakaji walioko mbali, kwa hiyo usiseme "hakumwona fulani" mpaka marudio yaonyeshe. Unachoweza kuona ni kofia yake. Ikielekea upande mmoja tangu mpira unatoka hadi anaurusha, na hali hiyo ikajirudia kwenye majaribio ya tatu, ulinzi utakuwa umeshaisoma. Pasi iliyonaswa nayo igawe: iliyodunda mikononi mwa mdakaji wake si sawa na aliyomrushia mpinzani kifuani. Na zile za pili ambazo mpinzani alizidondosha, ziandike vilevile kama zimenaswa.

Sasa uongozi. Unapimika, ila si usoni. Kamera hupenda kijana anayepiga kelele na kupigapiga wenzake mabega, na mtangazaji hudakia hapohapo. Wewe tazama saa ya sekunde 40, inayohesabu muda wa kuanzisha jaribio linalofuata. Tangu 2024 kwotabeki wa ngazi ya juu ya vyuo anaweza kusikia sauti ya kocha ndani ya kofia, lakini inakatika zikibaki sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Je, timu imeshajipanga kufikia sekunde ya 15, au ndiyo kwanza wanakimbia kutafuta nafasi? Anamhamisha mkimbiaji asimame upande anaotoka mvamizi? Anamwonyesha senta mpinzani ambaye safu ya mbele itaanzia kuhesabu watu wa kuwazuia? Andika adhabu za kuchelewesha mchezo, yadi 5 kila moja, na taimu auti (mapumziko mafupi ambayo timu huomba) zilizoteketea kwa sababu tu hawakuelewana. Timu inazo 3 kwa kila nusu.

Hapa mgeni mhurumie kidogo. Chuo alichotoka mbinu fulani iliitwa hivi, huku inaitwa vile. Ni kama mtu wa Unguja aliyeshuka Nairobi: Kiswahili anakijua vizuri, lakini sheng ya kwenye matatu inampita. Akifika Januari anapata mazoezi 15 ya majira ya kuchipua na kambi ya Agosti, basi. Makosa ya Septemba mengi ni ya msamiati. Yaleyale yakiwapo Novemba ni yake.

Mfano wa karibu kabisa ni Oktoba 12, 2024, ugenini Oregon. Ohio State wako nyuma 32–31, zimebaki sekunde 6, na wanahitaji kusogea kidogo tu ili teke la pointi 3 liwe karibu. Howard anarudi kurusha, haoni mtu, anakimbia. Anapata yadi 12, na anapoteleza chini ili aombe taimu auti, saa inasoma sifuri. Yadi ni nzuri, uamuzi ni mbovu. Kwenye sekunde 6 unarusha upesi au unateleza mapema, na hesabu hiyo lazima iwe kichwani kabla senta hajashika mpira. Mechi ileile walimpoteza Josh Simmons, beki wa kushoto anayelinda mgongo wa kwotabeki, na Novemba akaumia senta Seth McLaughlin. Kwa hiyo Michigan walipokuja Columbus na kushinda 13–10, pasi mbili za Howard zikinaswa, safu iliyokuwa mbele yake haikuwa ile ya Septemba. Pasi zile zinabaki makosa yake. Kipimo cha uongozi kilikuwa kinachofuata.

Baada ya pasi kunaswa, fuata pasi tatu zinazofuata. Aliyeogopa atazirusha zote nyuma ya mstari. Mwenye hasira atalazimisha bomu la yadi 40 kwenye watu wawili. Aliyetulia atarusha pasi ambayo angerusha siku nyingine yoyote. Mdakaji akidondosha mpira, angalia kama anamrudia kabla robo haijaisha. Baada ya Michigan, Ohio State walishinda nne mfululizo, na kwenye fainali ya Januari 20, 2025, Atlanta, pasi 13 za kwanza za Howard zote zilifika. Lakini kinachostahili kuandikwa daftarini kwa wino ni jaribio la tatu na yadi 11 dakika za mwisho, timu ikiongoza 31–23. Wengi wangekimbiza mpira kati ili saa iende. Notre Dame walimwacha Smith na mlinzi mmoja, Howard akaupeleka huko, yadi 56. Kocha akikukabidhi pasi ya aina hiyo, wakati ule, ameshajibu swali lako la uongozi kuliko mchambuzi yeyote.

Kura za nahodha zina uzito pale zinapopigwa na wachezaji, hasa mgeni akichaguliwa baada ya miezi saba tu. Chungulia pia alivyoondoka alikotoka. Jalen Hurts, kwotabeki wa Alabama, alitolewa wakati wa mapumziko kwenye fainali ya Januari 2018. Alibaki Alabama msimu mwingine akiwa wa akiba, na Desemba aliingia timu yake ikiwa nyuma 28–21 dhidi ya Georgia, wakashinda 35–28. Ndipo akahamia Oklahoma. Oklahoma walikuwa wameshaona jinsi anavyokaa benchi.

Kwa hiyo, ndugu, Septemba mtaani wakikubana, jibu kuhusu vitu viwili tu: anashika mpira sekunde ngapi, na taimu auti ngapi zimepotea. Kapu la yadi 10 hadi 19 lifungue kufikia mechi ya nane, likishakuwa na pasi 40 au zaidi.