Udi wa ghali haukunukia? Jibu kwa aliyeuliza, na nilivyouona udi niliofukiza karibuni

Aliyeuliza anasema nduguye kamletea udi wa mti kutoka Dubai, wa bei ya kutisha. Akauweka juu ya makaa, akapata moshi mweupe na harufu ya kuni. Na huku udi wa kupikwa anaonunua kwa mama mmoja jirani yake, wa pesa kidogo tu, wanukiza nyumba hadi ngazini. Anataka kujua kama nduguye kauziwa kuni, kisha anaomba sisi wapenzi wa udi tuseme tumefukiza nini siku hizi na tumeuonaje.

Ndugu yangu, kabla hujamlaumu muuzaji, utazame moto wako. Udi wa mti hauchomwi, hupashwa. Harufu yote imo ndani ya utomvu uliogandia kwenye mti, na utomvu huo huyeyuka na kupanda hewani mapema, mti wenyewe haujashika moto. Ukikiweka kipande juu ya kaa jekundu, mti na utomvu huungua pamoja, na ndani ya dakika moja umeteketeza kile ulicholipia. Moshi mweupe mzito ulioueleza ndio dalili yenyewe. Udi wa kupikwa hustahimili moto mkali kwa sababu umejaa sukari na mafuta ya manukato, na yale mafuta hupaa upesi hata moto ukiwa mbaya. Kwa hiyo kuulinganisha na wa mti juu ya kaa lile lile ni kuudhulumu wa mti.

Mimi hutumia makaa ya vifuu. Nayawasha uani, nayaacha mpaka yavae majivu meupe pande zote, wekundu usionekane tena. Nikishayatia kwenye chetezo nanyunyiza majivu mengine juu, yaliyochungwa, unene wa kidole, halafu naweka kipande kisichozidi nusu ya ukucha. Kikianza kutoa povu dogo la mafuta kwenye kingo, na moshi ukawa mwembamba wenye rangi ya kibuluu, moto ni huo. Moshi ukinenepa, ongeza majivu. Kisipotoa kitu, yapunguze kidogo. Yale makaa ya duara ya dukani yanayowashwa kwa kiberiti yana shura ndani ya kuyasaidia kushika moto, na shura ina harufu yake. Ukiwa huna mengine, yaache nje hadi cheche zote zimalizike na yageuke meupe kabisa. Feni izimwe, dirisha moja libaki na mwanya. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga, fukiza nguo chumba kingine. Moshi ni moshi hata ukinukia.

Jambo la pili ni hili, na ndilo linalonifanya niandike kirefu: watu hapa hutoa hukumu mapema mno. Mtu huweka udi, huvuta pumzi mbili, akasema huu mtamu, huu haufai. Dakika za mwanzo mara nyingi hunukia kile kilichopakwa juu, au unyevu ulioingia kwenye kopo, au makaa yenyewe. Udi huusikia pale kipande kinapokaribia kwisha, kisha kesho yake asubuhi ukiinusa kanga uliyoifukiza. Nyanya yangu akiletewa udi kuuzwa hakuwa akisema neno siku hiyo. Alifukiza mtandio wake, akautundika, na muuzaji alipewa jibu kesho baada ya alfajiri. Sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa nilivyofukiza karibuni.

Wa kwanza ni ule uuzwao kwa jina la Kambodia, nilioupata Mji wa Kale hapa Mombasa kwa muuzaji ninayemwamini. Hakunificha kwamba ni wa shambani. Siku hizi miti hupandwa, shina hutobolewa matundu na kutiwa kuvu ili mti ujitetee kwa kutoa utomvu. Ndivyo udi unavyozaliwa hata porini: mti mzima wa jamii ya Aquilaria una mbao nyeupe, nyepesi, zisizo na harufu ya maana, na ni pale tu unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo unapojaza utomvu mweusi kuzunguka jeraha. Huko porini kazi hiyo huchukua miaka mingi. Wa shambani huvunwa mapema, na pua hulijua hilo. Mwanzo wake ulikuwa mtamu sana, utamu wa tende zilizoiva, na sebule yote iliupokea vizuri. Katikati ulipungua ukaacha uchachu mdogo ambao mimi naupenda. Mwisho wake ndio haukuwa na kitu. Ulibaki mti mkavu tu, na asubuhi kanga ilikuwa imeshasahau. Kwa kupokea wageni jioni, nautaka. Kwa kufukiza nguo za harusi, sitautoa.

Wa pili ni kipande cha Assam, kule India, alichoniletea mjomba aliyekaa Maskati. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Udi wa India huanza na harufu ya zizi: ngozi, mnyama, kitu kizito kinachokufanya utazame mlango. Binti yangu alipousikia alifungua madirisha yote. Nikamwambia avumilie. Ulipofika karibu nusu, ule uzizi ulilainika ukawa ngozi safi, halafu ukaja utamu wa polepole usiofanana na sukari, wenye ukavu wa viungo ndani yake. Nilikuwa nimefukiza kanzu ya mume wangu ya pamba na buibui langu la kitambaa cha kisasa kwa wakati mmoja. Kanzu ilinukia hadi ikafuliwa. Buibui lilibaki na harufu ya moshi zaidi kuliko ya udi, nami nimeliona hilo mara nyingi: pamba huushika udi vizuri, vile vitambaa vya plastiki huushika moshi. Ukitaka kuujaribu udi, jaribu kwa pamba. Huo wa Assam ndio bora niliofukiza kwa muda mrefu, na kama ningeuhukumu kwa dakika za mwanzo ningeurudisha.

Wa tatu uliuzwa kuwa wa Papua. Huko mti aghalabu ni wa jamii nyingine iliyo karibu, Gyrinops. Ulianza kwa ubichi wa majani na baridi fulani puani, ukaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho bila kubadilika. Ni safi, wafaa chumbani mchana. Sina zaidi ya kuusema.

Wa nne ni wa kupikwa, kutoka kwa shangazi zangu wa Lamu, na huu nataka nikae nao kidogo, kwa sababu aliyeuliza ameutaja wa kwake kama kitu cha chini. Udi wa kupikwa ni kazi ya mikono ya mama zetu na una mabingwa wake. Huchukuliwa vibanzi na unga wa udi, vile vidogo visivyouzika peke yake, vikachanganywa na sandali iliyosagwa. Sukari huyeyushwa kwa marashi ya waridi mpaka ivute nyuzi, ndipo vitu vitiwe ndani, na mafuta ya waridi, miski, ambari na zafarani hufuata moto ukishashushwa. Moto ndio siri hapa pia. Mafuta yakitiwa sufuria ingali inachemka, hupaa jikoni na kuifaidi pua ya mpishi peke yake. Sukari ikizidi kuiva, kila atakayefukiza atasikia sukari iliyoungua chini ya waridi. Kisha hufungiwa ndani ya mtungi wa kioo na kuachwa. Uliotoka jikoni juzi una kelele, kila manukato yasema peke yake. Ukikaa miezi, yanakuwa kitu kimoja.

Huu wa Lamu ulikuwa umekaa. Mwanzo waridi, kama yote. Lakini waridi ilipotulia haukuingia utupu, uliingia udi wenyewe, wa chini, wenye joto, na sandali ikiushika hadi mwisho. Hapo ndipo utamjua mpishi mkweli: aliyetia udi wa kweli ndani, waridi ikiondoka kuna mwenyeji nyumbani. Kwenye udi mwingi wa kopo, waridi ikiondoka yabaki sukari na unga wa mbao. Kwa hiyo wewe uliyeuliza, mfanyie udi wa jirani yako mtihani huo huo wa asubuhi. Ukiukuta bado una kitu kwenye kanga, mpelekee mama huyo salamu zangu na umlipe zaidi.

Neno moja kuhusu sandali. Iliyo bora kwa kazi hii ni ile ya India, Santalum album. Wapo wanaouza sandali ya huku kwetu, Osyris lanceolata, kwa bei nafuu. Kuuvuna mti huo porini Kenya ni marufuku tangu 2007, na tangu 2013 biashara yake kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Mafuta yake mengi yamo mizizini, kwa hivyo wavunaji huung'oa mzima mzima, wala haubaki wa kuchipua. Tafadhali msinunue. Waridi na udi vyatosha kwa nyumba isiyo na sandali.

Udi wenyewe nao uko chini ya mkataba huo. Aquilaria malaccensis, mti wa Assam na Malesia, uliingizwa 1995, na jamii yote ya Aquilaria pamoja na Gyrinops ikafuata, kuanzia 2005. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linaloeleza bei, na bei ndiyo inayoleta uwongo. Mbao nyeupe isiyo na utomvu huloweshwa mafuta, ikapakwa rangi nyeusi, nyingine hushindiliwa na kuongezwa uzito, kisha huuzwa kwa tola, kile kipimo cha uzito cha wauza manukato, kama udi wa zamani. Kwa sababu hiyo usiutegemee sana ule mtihani wa kutia majini. Ni kweli udi uliojaa utomvu huzama, lakini kilichoongezwa uzito nacho huzama. Mimi hutazama mambo mengine. Kipande cha kweli hakina weusi wa sawasawa, utaona mistari, kahawia hapa, nyeusi pale, na sehemu nyeupe zilizokwanguliwa kwa kisu. Pamba yenye maji ukiipitisha juu haitoki na rangi. Na kikiwa baridi hunukia kidogo tu, kwa aibu. Kinachokupiga pua dukani kabla hakijaona moto, kimepakwa.

Ule wa nduguyo ufanyie haya. Kata kipande kidogo, ukiangalie ndani: kikiwa cheusi juu na cheupe kitupu katikati, hapo kweli ana la kumuuliza muuzaji. Kikiwa na mistari hadi ndani, kitie kwenye majivu yenye moto mdogo kama nilivyoeleza, ukiwa umetundika kanga ya pamba iliyofuliwa bila sabuni ya harufu. Usichanganye na ubani siku hiyo. Wengi hapa Mombasa hutia vyote pamoja, na ubani una nafasi yake ya kusafisha chumba asubuhi au kumfukizia mzazi, lakini ukali wake wa ndimu huufunika udi usiweze kuupima.

Na uutoe kwenye kile kifuko cha plastiki alichokuletea nacho. Uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kabatini, mbali na jikoni. Pwani yetu wakati wa masika kila kitu hunywa maji, na udi ulionyonya unyevu hutoa mvuke kwanza, ukasikia harufu ya mbao mbichi kabla ya kusikia kingine. Huenda na hilo limo katika shida yako. Kipande kilicholowa kilaze pembeni mwa chetezo, kisiguse majivu ya moto, kikauke kwa robo saa, ndipo ukisogeze katikati.

Ukishafanya hivyo, rudi utuambie, na wengine mnaotoa maoni yenu hapa tafadhali semeni nanyi: mlitumia makaa gani, udi ulikuwa umekaa ndani ya nini, na asubuhi kanga ilisemaje. Mwenye udi wa Vietnam wa kweli, wa porini, aliyeufukiza kwa moto mdogo, namwomba aandike kwa urefu. Sijaupata bado nikauamini.