Umefeli mtihani wa vituo? Hata mimi nilifeli

"Dokta, shikamoo. Nadharia nimefaulu vizuri, vitendo nimefeli. Au mikono yangu haifai kazi hii?"

Ujumbe huo ulinifikia juzi usiku, umetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari wa meno. Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu chini. Yeye ameuliza. Mimi niliambiwa kabisa.

Ilikuwa mwaka wa nne vilevile. Vituo 12, dakika tano kila kimoja, kengele ikilia unahama. Kituo cha 7 nilikuta kichwa cha bandia, bomba la sindano, na karatasi imeandikwa: choma ganzi ya taya la chini, jino namba 46. Namba hizo nazijua hata usingizini: 4 ni robo ya chini kulia, 6 ni gego la kwanza. Nikapapasa ukingo wa taya kwa kidole gumba, nikaingiza sindano, nikavuta bomba nyuma kuangalia kama damu inaingia, nikasukuma ganzi polepole. Kazi safi. Ila nilichoma kushoto. Nilikuwa nimesimama namkabili mgonjwa, nikachukua kulia kwangu nikamvika yeye.

Mtahini alinyamaza hadi kengele ilipolia, kisha akasema mbele ya wenzangu: "Mikono hii ingefaa jembe." Siku hizi tukikutana kwenye mikutano namwamkia kwa adabu, halafu natafuta kiti cha mbali.

Sifuri nilistahili, jamani. Upande usio wake ni kosa la kukuangusha hata kama mengine yote umepatia. Jembe ndilo sikulistahili. Mtihani huu wa vituo, Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake waliueleza kwa maandishi mwaka 1975 ili matokeo yasitegemee umeangukia mgonjwa gani na mtahini gani. Kila mtu kazi ileile, kipimo kilekile. Jembe halikuwa kwenye kipimo.

Miezi ya kungoja kurudia naipita, haina cha kusimulia. Kilichoniokoa ni rafiki yangu mmoja aliyekubali kukalia kiti kila jioni. Nilimgusa shavu nikasema kwa sauti: "Kulia kwako, chini, gego la kwanza, ndilo linalouma?" Bila sindano, bila chochote, mdomo na kidole tu. Mwanzoni niliona haya, sauti ikanikauka. Baadaye nikawa siwezi kushika hata kioo cha kinywani bila kusema upande. Nilirudia, nikafaulu, na mwaka huu nimekalia kiti cha mtahini kwa mara ya tano. Ndiyo, najisifu kidogo.

Nikiwa upande huu wa meza naona mambo yaleyale. Mtu anajua kiwango cha ganzi kwa uzito wa mgonjwa, lakini hajamuuliza jina, wala kama kuna dawa inayomdhuru. Mwingine anaeleza kuziba jino huku akiitazama trei. George Miller, mtaalamu wa ufundishaji wa udaktari, alizipanga ngazi nne za umahiri mwaka 1990: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kufanya kazini kwenyewe. Ninyi mnakesha kwenye ile ya kwanza, mnakariri mpaka alfajiri, halafu mnashangaa mikono ikitetemeka kwenye ya tatu! Fanyeni mbele ya mtu. Semeni kwa sauti. Nasema tena, fanyeni mbele ya mtu, hata kama anacheka.

Nilimuuliza yule mwanafunzi aliyeniandikia alifeli kituo gani. Akajibu asubuhi: mgonjwa wa kuigiza aliambiwa jino litang'olewa, akaanza kulia, naye akaendelea kumsomea fomu ya ridhaa hadi mwisho.

Sijaona mkono hapo. Nimemwambia Jumamosi aje na mwenzake mmoja, na fomu aiache nyumbani.