Maswali ya Wafugaji: Vifaranga wanaohara damu, mdondo uliorudi na viroboto wa usoni

Shikamoo mtaalamu. Nina vifaranga 25 wa chotara, wana wiki 4. Tangu juzi wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Dukani nimepewa unga wa njano wa antibiotiki, leo siku ya tatu na wamekufa 6. Nifanyeje? – Msomaji, Kihonda, Morogoro

Marahaba, na pole sana. Huo unga uache leo. Antibiotiki hiyo inapigana na bakteria, na dalili zako ni za koksidiosisi, ugonjwa wa kimelea kinachotoboa kuta za utumbo. Kuhakikisha, vaa mfuko wa nailoni mkononi umpasue mmoja aliyekufa asubuhi hii. Karibu na mwisho wa utumbo, pale mwembamba unapokutana na mnene, pana vifuko viwili virefu kama vidole. Ukikuta vimevimba na vimejaa damu, usitafute zaidi. (Kinyesi cha kahawia kinachonata kama uji wa ulezi si damu, kuku mzima naye hukitoa mara kadhaa kwa siku.)

Dawa yake ni amproliamu. Soma pakiti ihakikishe ni ya asilimia 20, kwani hesabu hii ni ya hiyo. Kipimo ni gramu 30 kwa lita 25 za maji. Vifaranga wako hawamalizi hata lita 2 kwa siku, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakadiria kwa kijiko. Mimina pakiti ya gramu 30 kwenye karatasi kavu, itandaze iwe mstari mmoja, igawe mafungu 10 yaliyo sawa. Fungu moja linaingia kwenye lita mbili na nusu. Changanya maji mapya kila asubuhi, yaliyobaki jana yamwage. Endelea siku 5 hadi 7, kisha wiki moja au mbili za robo ya nguvu hiyo, yaani fungu moja kwa lita 10. Siku zote hizo wasipate maji mengine popote, hata ya dimbwi la bombani. Kifaranga aliyelegea mnyweshe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, asije akapaliwa.

Usiwape unga wa vitamini kipindi hicho. Amproliamu inafanana na vitamini B1. Kimelea kinaipokea kwa kudhani ni hiyo, kisha kinakosa nguvu ya kuzaana. Ukiongeza B1 kwenye maji unakilisha adui. Vitamini wape dozi ikiisha.

Sasa nenda kwenye chombo cha maji, uchote matandazo yaliyokizunguka, uyafinye mkononi. Yakishikamana kama unga wa ugali, chanzo umekipata. Mayai ya kimelea yakitoka na kinyesi hayawezi kuambukiza mpaka yapate joto na unyevu kwa siku moja au mbili. Toa maranda yote yaliyolowa, weka makavu, na inua chombo juu ya matofali hadi usawa wa mgongo wa kifaranga. Dawa nyingi za kunyunyizia bandani haziyaui mayai hayo, kwa hiyo fedha yako iweke kwenye maranda.

Kuku wangu 15 niliwachanja mdondo mwaka jana kwa chanjo ya kwenye maji. Mwezi huu 9 wamekufa, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Je, chanjo ilikuwa feki? – Msomaji, Chanika

Si lazima. Kinga ya mdondo (kideri) kwa kuku wa nyumbani ihesabu miezi 3, isizidi 4. Ya mwaka jana ilishakwisha. Tena maji ya bomba yenye klorini huua virusi vya chanjo, na kuku ambaye hakuwa na kiu hunywa kidogo au hanywi kabisa.

Kwa kuku wachache, tumia chanjo ya I-2 ya matone, inayovumilia joto kuliko nyingine. Mlaze kuku ubavu, dondosha tone 1 kwenye jicho moja, usimwachie mpaka apepese. Kifaranga na jogoo kipimo ni kilekile. Chupa usiiweke juani, na wachanje wote siku moja. Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujengeka, kwa hiyo chanja kabla ugonjwa haujafika mtaani. Hao waliougua chanjo haiwaponyi, wala pilipili, wala shubiri. Mdondo hauna dawa. Mizoga ichome au ifukie chini kabisa, na tafadhali usiwapeleke waliobaki sokoni, utaubeba ugonjwa hadi kwenye mabanda ya wenzako. Ukinunua wapya watenge siku 14.

Kuku wana vidoa vyeusi vimeganda kuzunguka macho na kwenye upanga. Niving'oe? – Msomaji, Singida

Usiving'oe, utaacha vidonda. Hao ni viroboto, wamezamisha midomo kwenye ngozi. Wapake mafuta mazito ya kujipaka kwa ncha ya kidole, yakolee, yasiingie jichoni. Watakosa hewa na kufa. Rudia kila baada ya siku 7, mara 3 au 4.

Lakini mayai yao yako chini, kwenye vumbi la banda. Fagia hadi kwenye kona, choma takataka, kisha nyunyiza sakafuni na kwenye viota unga wa viroboto ulioandikwa kuwa ni wa kuku. Dawa ya kupulizia mahindi au pamba usiiguse kabisa kwa kazi hii. Mtazame na mbwa wa nyumbani masikioni: viroboto hawahawa humganda naye, na akilala mlangoni mwa banda atawarudisha.