Barua kwa mwanangu: Wanapokufunikia masufuria

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze kunyemelea.

Unaniuliza kama ulikosea kuomba kazi ya afisa afya halmashauri, kazi niliyoifanya mimi. Huu mwezi wa tatu tangu uripoti kata, na ukikatiza sokoni mama lishe wanafunika masufuria, watoto wanapiga kelele "Bwana Afya huyo!" ilhali wewe ni binti. Mtendaji naye kila Ijumaa anakuuliza faini umekusanya kiasi gani.

Hukukosea, mama. Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa mkali. Kitabu cha stakabadhi hakikutoka mfukoni, na nilijivunia kuogopwa. Msimu wa masika kipindupindu kikaingia kitongoji cha ng'ambo ya mto, nami nikapata habari siku ya tatu. Nilipofika nilikuta mlango umekomewa kwa ndani. Pembeni ya mkeka palikuwa na ndoo iliyofunikwa kanga, na ndani yake maji meupe kama yaliyooshea mchele. Mzee wa watu macho yamezama, ngozi ya mkono nikiibana inabaki imesimama. Mkwewe akaniambia, "Tuliogopa utatufungia kilabu chetu cha pombe." Tulimpakia kwenye baiskeli. Hakufika zahanati.

Ugonjwa ule unaweza kuua kwa saa chache, lakini tiba yake kubwa ni kurudisha maji mwilini: pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeweza kunywa, dripu kwa aliyelegea. Vyote vilikuwepo zahanati. Yule mzee aliponzwa na woga wa watu kwangu, na nimeishi na hilo hadi leo.

Kwa hiyo wanapokufunikia masufuria, lione kama dalili ya ugonjwa. Mtaa unaokukimbia leo utakuficha mgonjwa kesho.

Kesho nenda kwa yule mama lishe asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Kaa kwenye benchi, agiza uji, lipa. Muulize maji anachota wapi na vyombo anasuuzia nini. Kama hana pa kunawia, mtengenezee kibuyu chirizi hapo hapo: dumu la lita tano, tundu moja lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni ining'inie pembeni. Wiki ijayo rudi uone kama dumu lina maji. Sikuambii uitupe sheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imekupa meno, na mwenye bucha anayeuza nyama isiyokaguliwa mng'ate bila huruma. Lakini babu yako alichimba choo chetu cha kwanza mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, kwa sababu kikundi chao kilikaa kuzunguka redio wakabishana hadi wakakubaliana. Hakuna aliyemwandikia faini.

Mtendaji usigombane naye. Yeye anaulizwa mapato na walio juu yake. Mpe hesabu nyingine ya kujivunia: kaya ngapi zimepata choo mwezi huu, kisima gani kimetibiwa klorini. Peleka daftari lako kwenye kamati ya maendeleo ya kata, lisomwe mbele ya diwani. Akizidi kukubana, Mganga Mkuu wa halmashauri ndiye mkubwa wako kitaaluma, mweleze kwa maandishi.

Mafuta ya pikipiki uliyolalamikia, usiyaombe pikipiki ikiwa imekauka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango huandikwa miezi mingi kabla. Muulize mchumi wa halmashauri lini wanakaa, uwe na andiko lako mkononi.

Na uende misibani, hata usikoalikwa. Kaa na wanawake jikoni, menya ndizi. Habari za nani anaharisha nilizipata huko kabla hazijafika zahanati.

Ule mtaa wa bondeni uliousema, ambao vyoo vyake vinafurika mvua zikizidi, uanze huo wiki hii. Koti langu la mvua nimelituma kwa basi la Jumatano, limo kwenye kiroba pamoja na unga wa mama yako. Zipu ya kushoto inakwama, ipake mshumaa.

Baba yako