Kabla Hujamtumia Mama Simu ya Mezani Kutoka Marekani

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Texas aliniuliza kama amtumie mama yake, aliyeko Moshi, simu ya mezani isiyo na waya aliyoiona dukani kwa bei nafuu. Jibu langu ni hapana, na nina sababu.

Simu nyingi za aina hiyo zinazouzwa Marekani huandikwa DECT 6.0 na hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930. Huku kwetu, kama ilivyo Ulaya, simu hizo hutengewa 1880 hadi 1900, ilhali 1920 hadi 1980 ndiyo njia ambayo simu za mkononi za 3G hupitishia mawasiliano kwenda mnarani. Tena kitako cha simu hiyo ya Marekani, yaani ile sehemu inayochomekwa kwenye umeme, hurusha mawimbi usiku na mchana, hata kama hakuna anayezungumza.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo simu za mkononi zilionyesha alama zote za mtandao, lakini kila aliyepiga alikatiwa. Jirani mwenye laini ya kampuni nyingine hakuwa na shida, kwa kuwa kila kampuni ina kipande chake cha masafa. Fundi wa mtandao alikwishafika, akalaumu simu za wenyeji kuwa ni za bei rahisi, akaondoka. Mimi niliiweka simu kwenye 2G pekee, inayopita masafa mengine, ikapiga. Nikairudisha 3G, ikagoma. Hapo nikatambua kwamba mnara unasikika vizuri ila wenyewe hausikii. Sebuleni palikuwa na simu ya mezani iliyotumwa na binti yao, imechomekwa kwenye transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120. Nikaichomoa, na baada ya dakika chache simu zikatoka. Nilipompigia yule fundi kumweleza, alinijibu kwamba mimi ni fundi redio tu. Kauli hiyo inaniuma hadi leo, maana fundi redio ndiye aliyeitatua kazi yake.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, acheni kununua kwa kutazama bei. Someni kibandiko kilicho chini ya kitako: mkiona DECT 6.0, iacheni dukani. Hiyo 6.0 ni jina la biashara, wala si gigahezi sita. Mamlaka za Pakistan na Hong Kong zimekwisha kuwaonya watu wao kuhusu simu hizi, nasi tusisubiri kuonywa. Mtumieni mama fedha anunue hapa kifaa kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Na kwa aliyekwisha kuipokea, kuzima mkono wa simu hakutoshi. Chomoa kitako ukutani.