Barua kwa mwanangu mwalimu: riba iliposhushwa kwa sheria

Mwanangu,

Jumapili ulinipigia ukiwa umechoka, ukaniuliza umjibu vipi yule kijana wa kidato cha tatu aliyesimama darasani akasema, "Kama bei inaumiza wananchi, si Bunge litunge sheria ishuke?" Swali lake ni zuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuishangilia sheria ya namna hiyo, ya kushusha riba, ambayo nayo ni bei: bei ya kukopa pesa.

Unakumbuka 2016 hapa Kenya? Benki zilitutoza wafanyabiashara wadogo riba ya asilimia 18, 20, hata zaidi kwa mwaka. Agosti rais akatia sahihi sheria kwamba riba isizidi pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kufikia mwisho wa Septemba kiwango hicho kilikuwa asilimia 10, kwa hiyo mwisho wa benki ulikuwa 14. Hapa sokoni Marikiti tulipongezana. Nikaanza kuhesabu kreti za nyanya nitakazoongeza.

Januari nikaenda kuomba shilingi 70,000, mkopo niliowahi kuuchukua mara mbili na kuulipa wote. Ofisa wa mikopo, kijana mwenye adabu, akapekua karatasi zangu akauliza kama nina hati ya shamba. Sina. Mambo yakaishia hapo.

Nilimwekea kinyongo muda mrefu, mpaka nilipoielewa hesabu yake. Mtu wa kibanda ana hatari: mvua ikiharibu barabara ya kutoka Mwea, nyanya zinaozea njiani na mkopo unakwama. Riba ya 19 ilifidia hatari hiyo, ya 14 haikutosha. Na benki ilikuwa na mlango mwingine, kununua hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, na kulipwa bila wasiwasi. Kile unachokiacha ili upate kingine ndicho nyinyi walimu mnachokiita gharama ya fursa. Kunikopesha mimi kulikuwa kuziacha pesa za uhakika.

Nikaangukia mikopo ya simu, ya kampuni zisizo benki, ambazo sheria ile haikuzigusa. Nilichukua 10,000, baada ya mwezi nikarudisha 11,500. Pigeni hesabu hiyo ubaoni: asilimia 15 kwa mwezi mmoja, mimi niliyekuwa nikililia 19 ya mwaka mzima! Kikomo kile kiliondolewa Novemba 2019.

Lakini usiwaambie watoto kwamba sheria ile haikufaa kitu. Riba ilikuwa ikitukamua kweli, na wenye mishahara au hati za kuweka dhamana walipata nafuu. Wafundishe tu kuuliza: bei ikishashushwa, hicho kitu atakileta nani, na nani atakikosa? Hata nyanya ndivyo zilivyo. Mvua za Aprili zikiziharibu mashambani, kreti hupanda bei, nasi tunalalamika. Ila bei hiyohiyo ndiyo inayomtoa mwenye lori Loitokitok usiku kuja kwetu. Mlazimishe auze kwa bei ya wakati wa wingi, atageuza lori aende Mombasa.

Daftari langu la 2017 bado ninalo. Limelowa pembeni lakini namba zinasomeka. Nitampa shangazi yako akija huko Alhamisi, nawe umkabidhi kijana huyo alisome mwenyewe.

Mamako