Sampuli Iliyokuwa Inapungua Uzito

Kuna kijana wa mwaka wa tatu kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kuwa mtafiti wa kemia, nichague mada gani?" Marahaba. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima, maana mada niliyoichagua mimi siyo niliyoishia nayo.

Nilianza na sumaku. Siyo zile za kubandika kwenye friji, bali sumaku ya molekuli moja. Mwaka 1993 watafiti wa Florence, akina Roberta Sessoli na Dante Gatteschi, walionyesha kuwa molekuli yenye atomi 12 za manganizi inaweza kushika usumaku peke yake, bila kuegemea jirani zake, ukiipoza vya kutosha. Na molekuli yenyewe haikuwa ngeni: Tadeusz Lis wa Poland alishaichapisha tangu 1980. Nikajiambia, na mimi nitaokota yangu.

Nilichookota ni ugomvi na mizani.

Ili ujue kila molekuli ina usumaku kiasi gani, lazima ujue umeweka ngapi kwenye mashine ya kupimia usumaku, na hilo unalijua kwa uzito. Fuwele za shaba nilizotengeneza ili nitafute sumaku yangu, nikizipima asubuhi ni miligramu 20. Nikirudi kutoka chai ni 17 na ushee. Grafu ya Jumatatu haifanani na ya Jumanne. Miezi saba hivyo hivyo. Msimamizi wangu, mtu mwema ila mwepesi wa kuhukumu, akasema sina mkono wa maabara. Nikabadili mizani, nikabadili chupa, nikaosha kila kitu mara mbili. Mwisho nikaanza kuchagua vipimo vilivyokaa vizuri na kuvinyamazia vingine. Usije ukafanya hivyo. Mimi ilinigharimu kurudia kazi ya nusu mwaka.

Aliyenitoa shimoni ni fundi wa maabara, mzee ambaye jina lake halimo kwenye makala yoyote. Alitazama daftari langu, akauliza: "Mbona hujaandika saa?" Kweli, nilikuwa naandika uzito bila saa. Tukaziweka fuwele kwenye oveni, nyuzi 120, usiku kucha. Ziliingia na rangi ya bluu ya anga, zikatoka na bluu nzito inayokaribia zambarau. Tukazimwaga kwenye kioo juu ya mizani, tukavuta viti. Kingo zikaanza kupauka, bluu ya jana ikawa inarudi kidogo kidogo, na namba za mizani zinapanda huku hakuna aliyegusa kitu. Zilikuwa zinakunywa unyevu wa hewani.

Kumbe hazikuwa chafu, zilikuwa na vyumba. Zikitoka kwenye chupa, vyumba vimejaa kiyeyusho, kile kimiminika nilichozitengenezea, nacho kinatoroka wakati mimi nakunywa chai. Vifaa vya namna hiyo, metali zilizounganishwa na vijiti vya kaboni hadi ukabaki uwazi katikati, vinaitwa MOF, kifupi cha Kiingereza cha metal-organic framework. Gramu chache tu za MOF-5, mojawapo ya hizo, zina kuta za ndani ambazo, zikitandazwa, zinafunika uwanja wa mpira. Mwaka 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Robson wazo lilimjia Melbourne mwaka 1974, akiandaa mipira ya mbao ya kufundishia iliyotobolewa mahali atomi zinaposhikana. Kuchapisha, 1989. Ukiambiwa unachelewa, mkumbuke.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu ndio wote: usihangaike sana na mada, hangaika na daftari. Andika saa, joto la chumba, na kama nje mvua inanyesha. Dar wakati wa masika, MOF yangu na MOF ya mwenzangu wa Ulaya ni kama vitu viwili tofauti.

La pili ni la mfukoni. Usijenge maisha yako juu ya mashine usiyonayo. Vipimo vya sumaku nilivyozoea vinataka heliamu kimiminika ya kupozea, na heliamu ni ghali. (Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ardhi ya Rukwa ina heliamu nyingi, wenzangu walinipongeza kama vile nimerithi shamba.) Kuchunguza matundu ya MOF ni nafuu: oveni, mizani nzuri, na naitrojeni kimiminika, ile ile wanayohifadhia mbegu za madume wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe.

Sumaku sikuziacha. Mwaka 2018 ilichapishwa molekuli yenye metali ya disprosiamu inayoshika usumaku hadi kelvini 80 (kama nyuzi 193 chini ya sifuri), yaani imeivuka kidogo naitrojeni kimiminika yenye 77. Nilisoma makala ile nimesimama. Tatizo, ukiionyesha hewa inaharibika, kwa hiyo bado ni ya wenye vyombo vyao. Mimi natia molekuli kwenye matundu naangalia usumaku wa shaba unavyobadilika, kisha sampuli napeleka kwa marafiki wenye mashine. Zinafungwa ndani ya kioo kilichoyeyushwa mdomo, na uzito umeandikwa pamoja na saa.

Kijana wangu, njoo Jumatatu. Oveni huwa tupu kuanzia saa nane mchana. Kalamu uje nayo, za maabara zinaibiwa.